Pikapu Iliyochemka Tuwaiq

Wanawake wengine hutumiwa na waume zao maua ya simu na maneno matamu. Mimi nilikuwa natumiwa mlio wa injini. Nahashon alikuwa anafungua boneti, anaweka simu karibu na kabureta, anarekodi, halafu ananiuliza kwa WhatsApp: "Zippo, unasikia nini?" Yeye yuko Riyadh, mimi niko Jeddah kwa chumba cha kupigia pasi, kanzu za baba mwenye nyumba zimejaa kikapu, na kati yetu ni safari ya siku nzima ya jangwa. Siku ya kwanza nilimjibu kwamba nasikia upuzi. Siku ya pili hasira ziliposhuka nikamwambia kuna plagi moja haichomi, na waya wake pia auangalie.

Ilikuwa kweli. Mimi nimelelewa gereji. Marehemu baba yangu, Hezekiah, alikuwa na gereji kando ya barabara pale Keroka, na kabla sijajua kusonga ugali nilikuwa najua kushika tochi bila kutikisika huku yeye amelala chini ya Peugeot ya mwalimu mkuu. Alikuwa ananifunga macho kwa kitambaa, gari ikiingia ananiuliza inaumwa wapi, na nikikosea nafua ovaroli. Nimefua ovaroli nyingi, lakini nilijifunza. Nahashon naye anajua kuendesha, tena vizuri sana. Kufungua gari ndiyo hajui, na ukitaka vita nyumbani kwetu mwambie hivyo.

Sasa utauliza kwa nini watu waliooana kanisani, kwaya ikiimba, wanaongea habari za plagi badala ya mambo yao. Ni kwa sababu ya mzee Abu Rakan.

Abu Rakan ndiye kafili wa Nahashon, yaani mwajiri anayemshikia kibali cha kukaa huku. Ni mjane, kifua chake hakielewani na vumbi la Riyadh, na daktari alimwambia hewa ya bahari itamfaa. Kwa hivyo akaamua kuhamia Jeddah, kwa nyumba yake ya zamani mtaa wa Al-Baghdadiyah, karibu na binti yake. Niliposikia hiyo habari nilikaa chini kwa sakafu ya jikoni, kisu cha vitunguu bado kiko mkononi. Nahashon na mimi tulikuja huku mwaka uleule kupitia ajenti mmoja, tukidhani nchi moja ni mahali pamoja. Tangu tuagane Nairobi sikuwa nimemgusa mume wangu hata kidole. Kama angehamia Jeddah na mzee, ningemwona kila Ijumaa, siku yangu ya kupumzika. Ningempikia. Ningegombana naye uso kwa uso kama watu wa kawaida.

Lakini kulikuwa na Rakan, kifungua mimba wa mzee. Rakan si mtu mbaya, ana haraka tu. Alisema vitu vya mzee vitabebwa na kampuni ya kuhamisha, dada yake wa Jeddah tayari ana dereva, ile pikapu kuukuu iende tashlihi ikatolewe vipuri, na Nahashon apewe kuruji, ile viza ya kutoka, arudi kwao Kenya. Halas. Na kuhusu pikapu hakuwa anasema uongo. Ni ya miaka ya tisini, ya kabureta, kiti chake kimepasuka, na kila ilipopakiwa mzigo na kuonyeshwa kilima ilikuwa inachemka mpaka maji yanaruka nje.

Mzee akakataa. Hiyo pikapu aliinunua wakati mke wake alipokuwa hai, na ndiyo iliyokuwa inawapeleka jangwani kunywa kahawa mvua ikinyesha. Akamwambia mwanawe: mazulia yangu, masanduku yangu na madele yangu ya kahawa yataenda Jeddah kwa pikapu yangu, na mimi nitakaa mbele. Ikifika, gari inabaki na dereva anabaki. Ikishindwa njiani, fanya utakavyo.

"Kwa hivyo ndoa yetu iko ndani ya redieta," Nahashon aliniambia siku hiyo. Hakuwa anatania.

Basi nikaanza kazi. Mzee alikuwa ameruhusu gari itengenezwe, lakini injini mpya hakutaka kusikia, na sisi wenyewe hatukuwa watu wa vitu vya dukani. Nikamwambia Nahashon tutafanya kama gereji ya Keroka, kwanza usafi halafu vipuri vya watu wengine. Akaweka plagi mpya na waya mpya. Filta ya hewa aliigonga chini, ukatoka mchanga wa kutosha kukandika nyumba. Kabureta aliifungua juu ya gazeti huku mimi niko kwa simu namwambia kila skrubu imetoka wapi, na ananijibu kwa ule upole wa mtu anayetaka kukata simu. Rafiki yake Vincent, Mkamba anayefanya kazi gereji moja kule sanaiya, eneo la viwanda, ndiye aliyemsaidia kupima tapeti. Vincent huyohuyo ndiye aliyempeleka tashlihi wakang'oa feni ya umeme kwa gari iliyogongwa nyuma, ikiwa nzima mbele, na jani moja la springi la kuongeza chini ya mzigo.

Madam wangu, Hanadi, alinifumania nikisikiliza. Aliingia chumba cha pasi akasikia simu inanguruma juu ya meza, akaniuliza ni nani huyo anakoroma hivyo. Nikamwambia ni pikapu ya mume wangu. Alinitazama sana, halafu akaniambia nisiunguze shati la skuli la mtoto.

Vincent naye ana ujuaji wake. Aliisukuma taimingi, ule wakati wa plagi kuchoma, mbele ili gari ikimbie, akaringa nayo, wakanitumia sauti. Nikasikia ndani kama mchele mbichi unakaangwa kwa sufuria kavu. Nikawaambia wairudishe nyuma kidogo, hapo si nyanda za juu kwenye baridi, hapo ni Riyadh, wataunguza pistoni. Vincent akasema, "Shemeji, wewe unapiga pasi huko, sisi ndio tuko na gari." Nikamwambia aweke sikio lake pale nilipoweka langu. Mara nikasikia spana. Walipoirekodi tena ilikuwa imetulia, inapumua vizuri, na nikimwambia mtu kwamba nilitabasamu kwa sababu ya mlio wa gari atanicheka, lakini nilitabasamu.

Pikapu ikawa na nguvu. Mzee Abu Rakan mwenyewe alipanda akazungushwa mtaani, ikapita gari ya jirani, akacheka mpaka akakohoa. Nilianza kuota Ijumaa. Nilikuwa nimeshajua hata nitapika nini.

Halafu wakaijaribu Tuwaiq. Ukitoka Riyadh kwenda magharibi kuna mteremko mkubwa wa mawe, barabara inashuka hadi Muzahmiya. Nahashon alipakia magunia ya shayiri ya kondoo, akashuka, akageuka kupanda, na Rakan akiwa nyuma yake na gari yake nyeupe ili ajionee. Nusu ya kilima, sindano ya joto ikaenda mwisho. Nahashon akaegesha kando, akafungua boneti, mvuke ukamfunika uso. Rakan alishuka akasimama kando yake. Hakucheka, na hiyo ndiyo ilimuuma Nahashon zaidi. Alimpiga bega akamwambia, "Umejitahidi, ndugu yangu."

Nahashon alinipigia kutoka hapohapo, malori yakipita. "Zippo, anza kuzoea," akasema.

"Kuzoea nini?"

"Mimi nitakuwa Kenya, wewe utakuwa hapa. Mkataba wako ukiisha tutaonana."

Nilimkatia simu. Nilikasirika, na kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumkasirikia nikainamisha kichwa kwa kanzu ya baba mwenye nyumba, ya moto bado kutoka kwa pasi, nikalia. Nilimkosa mume wangu. Sina njia nyingine ya kulisema. Halafu nikanawa uso nikampigia mimi, kwa sababu kulia hakutatengeneza gari.

Nikamuuliza mafuta ya injini yana maji? Hayana. Redieta si mmeosha? Tumeosha. Feni inazunguka? Inapeperusha mpaka kofia. Pampu? Mpya. Nikafunga macho kama zamani pale Keroka, lakini safari hii hakukuwa na mlio wa kusikiliza. Nikamuuliza, "Ilipochemka, uliigusa redieta?"

"Ningeigusa niungue?"

"Iguse sasa. Juu halafu chini."

Akapapasa. "Juu ni moto. Chini ni vuguvugu tu."

Hapo nikashangaa. Injini inachemka mpaka mvuke, na redieta, ambayo kazi yake ni kupokea yale maji ya moto, chini ni vuguvugu. Maji yalikuwa yanaenda wapi? Nikamwambia afungue kile kifuniko cha themostati, labda imekwama.

Nahashon akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Themostati gani? Niliitoa wiki ya kwanza nilipofika hapa. Kwani ungeniacha nitembee nayo kwa joto hili?"

Na mimi nikasema vizuri, umefanya vizuri. Nataka uelewe hilo. Themostati ni kale kadude kanakokaa njiani mwa maji na kuyazuia mpaka injini ipate joto, na kwetu gari ikiagizwa kutoka nje kitu cha kwanza fundi anafanya ni kukatoa. Hatuulizi. Ni ya nchi za theluji, tunasema, huku ni kwa jua, maji yaende bure. Baba yangu alikatoa kwa kila gari aliyowahi kushika. Alikuwa anazitunga kwa waya ukutani, moja juu ya nyingine, na mgeni akija anaonyeshwa. Nimekua nikiziona hizo kama watoto wengine wanavyoona picha za babu zao.

"Nitumie picha hata hivyo," nikamwambia. "Nione kama kuna kutu."

Akanitumia alipofika kwa mzee na kukifungua kile kifuniko. Nikaivuta ikawa kubwa kwa kioo cha simu. Kutu haikuwepo. Lakini chini, ndani kabisa, niliona kitundu cha pili, cha mviringo, kimechongwa kiwandani vizuri kabisa, kinaangalia juu pale ambapo themostati ingekaa.

"Hiki kitundu cha chini kinaenda wapi?"

"Kinarudi kwa pampu," Nahashon akasema. "Halafu kwa injini."

"Bila kupita redieta?"

"Bila kupita."

"Sasa kinafungwa na nini?"

Nilikuwa nimesimama na pasi mkononi mpaka ikaanza kunuka.

Nikamtuma anunue themostati ya gari hiyohiyo, asichukue ya kufanana. Nikamwambia asiifunge kwanza, aiweke kwa sufuria ya maji jikoni, awashe moto, anitumie video. Alinitumia akilalamika kwamba wenzake wanadhani anapika bolti. Nikaangalia. Maji yalipopata moto, kifuniko cha juu kikafunguka polepole, na chini yake kulikuwa na kisahani kingine kwenye springi, na kile kikashuka kwa wakati uleule. Kinashuka kuziba kitundu. Nikaiangalia tena. Hako kadude hakakuwa kanazuia maji tu. Injini ikipata joto, kenyewe ndiko kanakofunga ile njia ya mkato na kuyalazimisha maji yote yaende kupozwa. Ukikatoa, mlango wa mkato unabaki wazi milele. Gari tupu mjini haitajua. Ipakie, ionyeshe Tuwaiq, na nusu ya maji ya moto yanarudi kwa injini kama yalivyotoka.

Niliiacha simu mezani nikaenda kusimama dirishani. Nilikuwa naona ule waya ukutani kwa baba. Peugeot zake za zamani labda hazikuwa na kitundu cha chini, sijui, na hayupo nimuulize. Nilijua tu kwamba angekuwa hai angeniambia nisiguse, na kwamba nilikuwa naenda kumpinga, na roho iliniuma kama ninayemvunjia heshima mbele ya watu.

"Irudishe," nikamwambia Nahashon.

Vincent alicheka mpaka nikamsikia kwa simu ya mtu mwingine. Aliita hata wenzake wa gereji, Wakenya wote, waje wasikie: shemeji anataka tufunge maji kwa gari ya jangwani. Hakuna hata mmoja aliyekubali. Nahashon akatoka nje ya gereji ili tuongee sisi wawili.

"Zippo, hakuna siku ya kujaribu tena. Mzee anaondoka Ijumaa alfajiri. Nikiirudisha na ichemke njiani, Baba yuko ndani, yule mzee na kifua chake, na mimi ndiye nitakuwa nimefanya. Hiyo ni kuruji bila maneno."

"Najua."

"Na baba yako alikuwa anatoa zote."

"Najua, Nahashon. Nilikuwa hapo."

Akavuta pumzi. Nilisikia adhana inaanza upande wake kabla ya kwangu. "Wewe unasema nirudishe?"

"Nasema urudishe."

"Sawa," akasema. Hivyo tu. Nimeolewa na huyu mtu nikijua anaweza kubishana mpaka kuku wapande kulala, na siku ile aliyokuwa na haki yote ya kubishana aliniamini. Nilitamani niwe karibu nimshike uso.

Ijumaa ile waliondoka baada ya swala ya alfajiri, mazulia yamefungwa kwa kamba nyuma, madele yamefunikwa kwa blanketi, mzee mbele na chupa yake ya kahawa. Madam Hanadi alinipa ruhusa nitoke mapema. Nilishuka mtaa wa Sharafiya, nikakaa kwa mkahawa mmoja wa bei rahisi nikaagiza chai ambayo sikuinywa. Kila kituo cha mafuta Nahashon alinitumia picha ya sindano ya joto. Katikati. Katikati. Katikati kidogo juu. Nikamuuliza ni nini hiyo juu, akasema ni kivuli cha usukani.

Baadaye akaandika kwamba sasa wanaanza kupanda kuelekea Taif. Halafu simu ikanyamaza.

Nilingoja. Nikaandika, haikusomwa. Nikapiga, imezimwa. Mimi ni mtu wa hasira, nimeshasema, na hasira zangu zikikosa mahali pa kwenda zinageuka hofu. Nilimwona kando ya barabara, mvuke usoni, mzee anakohoa kwenye jua, Rakan anapigiwa simu. Nilijiona mimi ndiye niliyesema irudishwe. Nikalipa chai, nikachukua teksi hadi Al-Baghdadiyah pale Nahashon alipokuwa amenitumia ramani, nikakaa kwa ngazi ya duka lililofungwa mbele ya nyumba ya mzee. Jua likahama upande mmoja wa barabara kwenda mwingine. Nikaomba. Sikuomba vizuri, nilikuwa naomba kama ninayegomba.

Niliisikia kabla niione. Kona ya mtaa, gia ya pili, inapumua imetulia. Nikasimama. Ile pikapu ikaingia na vumbi la nchi nzima juu yake, mazulia yako, na Nahashon akiwa kwa usukani amekonda, ana mvi mbili tatu ambazo mimi sikuwa nimepewa habari zake.

Mzee alishuka kwanza, polepole, ameshika mlango. Nilimsalimia kwa Kiarabu changu cha jikoni. Akamuuliza Nahashon, "Ndiye huyu?"

"Ndiye, Baba."

Mzee akanigeukia. Akaniambia mume wangu alikuwa anapiga picha na kuongea na simu huku anaendesha, mpaka akamnyang'anya akaizima akaitia mfukoni, maana yeye hajatoka Riyadh aje kufa Taif kwa ajili ya picha. Akamuuliza ni nani huyo anayetaka kuona sindano kila saa, akaambiwa ni mke wake, ndiye fundi. Akatoa simu kwa kanzu akamrudishia Nahashon. "Rakan nimempigia mimi," akasema. "Nimemwambia imepanda Taif bila kusimama. Gari inabaki. Huyu anabaki."

Nahashon alikuwa amesimama upande wa pili wa boneti, mikono inaning'inia, hajui kama anaruhusiwa kunishika mbele ya bosi wake. Mimi pia sikujua. Tumeongea kila siku kwa simu miaka hii yote, na sasa tuko hatua chache, boneti tu katikati yetu. Machozi yalikuwa yananitoka nikayaacha.

Mzee akatutazama, mmoja halafu mwingine. Akaigonga pikapu kwa kiganja. "Lakini gari ya umri huu si ya kuaminiwa," akamwambia Nahashon. "Kila Ijumaa baada ya swala uichukue umpelekee fundi wako aikague. Mkae nayo mpaka jioni."

"Lakini Baba," akasema Nahashon, mtu mwaminifu mpaka unataka kumpiga, "gari iko sawa kabisa. Haina shida yoyote sa..."

Nilizunguka boneti nikamkanyaga mguu, na wangu sikuutoa.

"Ina shida, Baba," nikasema. "Nimeisikia ikikata kona. Itachukua Ijumaa nyingi sana."